Umekabidhiwa uendeshaji na utafutaji fedha katika taasisi ya utafiti wa sera? Anza hapa

Maswali ninayoulizwa na walioteuliwa karibuni yanafanana mno. Mfadhili gani ana pesa mwaka huu? Andiko la kuomba fedha liwe na kurasa ngapi? Asilimia ngapi ya gharama za uendeshaji inakubalika? Anayeuliza mara nyingi ni mtafiti mzuri aliyepandishwa cheo, au mhasibu aliyeambiwa kwenye kikao cha bodi, "na fedha utafute wewe." Mimi humrudishia swali moja: siku moja ya mtafiti wako inagharimu shilingi ngapi? Akinyamaza, najua taasisi yake inafanya kazi kwa hasara, na kila mradi mpya unaiongezea hasara hiyo.

Kazi hizi mbili, kuendesha na kutafuta fedha, ni kazi moja. Huwezi kuomba kiasi sahihi usipojua unatumia nini. Na utafiti wa sera ukikosa pesa yake ya kutosha, haufi siku hiyohiyo. Huanza kusema kile ambacho mwenye pesa anapenda kusikia, na hilo kwangu ni baya kuliko kufunga ofisi.

Nimeandika kwa mazingira ya Tanzania Bara, maana ndiyo ninayoyafanyia kazi. Ukiwa Nairobi, Kampala au Zanzibar, hatua ni zilezile; badilisha sheria na majina ya ofisi.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Cheti cha usajili na katiba ya taasisi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalizilazimu taasisi nyingi zilizosajiliwa kama kampuni zisizo na hisa kuhamia kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Hakikisha yenu ilihama kweli na ada za kila mwaka zimelipwa.
- Hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 iliyopita, pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti. Barua hiyo isome kabla ya hesabu zenyewe, kwa sababu ndiyo inayokuambia nyumba inavuja wapi.
- Mikataba yote ya ruzuku iliyo hai, na tarehe za ripoti za kila mmoja.
- Orodha ya mishahara na marupurupu, mtu kwa mtu.
- Miongozo ya fedha, manunuzi na ajira. Kama haipo, andika fupi ya kurasa 10 inayofuatwa. Usinakili ya kurasa 90 ambayo hakuna atakayeifungua.
- Saa 2 za mkurugenzi mtendaji kila wiki, siku maalumu isiyohamishwa. Bila hizo utakuwa karani wa kukimbiza saini.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta gharama halisi ya siku moja ya mtafiti

Hapa kaa wiki nzima ikibidi. Nitatumia namba za mfano. Wewe weka zako.

Mtafiti analipwa mshahara ghafi wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Wengi hugawa kwa siku 22 na kupata kama shilingi 136,000 kwa siku, wakaiweka kwenye bajeti ya mradi. Hapo ndipo pesa inapopotelea.

Kwanza ongeza anacholipa mwajiri. NSSF upande wa mwajiri ni 10%, yaani 300,000. Tozo ya ujuzi, mfuko wa fidia na bima ya afya, tuseme 270,000 kwa pamoja. Mwezi umekuwa 3,570,000, na mwaka 42,840,000.

Sasa hesabu siku anazofanya utafiti kweli. Mwaka una siku za kazi kama 260. Toa likizo ya mwaka, sikukuu, kuumwa, mafunzo, vikao vya wafanyakazi na siku za kuandika maandiko ambayo hayatafadhiliwa. Zikibaki 200, shukuru. Gawa: shilingi 214,200 kwa siku. Kwenye mradi wa siku 60 za mtafiti mmoja, tofauti na ile hesabu ya haraka ni zaidi ya milioni 4.6, ambayo itabidi itoke mfukoni mwa taasisi.

Bado hatujalipa kodi ya ofisi, umeme, intaneti, mhasibu, dereva, mkaguzi na mshahara wako. Chukua jumla ya mwaka, tuseme milioni 180, gawa kwa siku zote za utafiti za taasisi. Kama mna watafiti 5, siku ni 1,000, kwa hiyo kila siku ya utafiti inabeba 180,000 nyingine. Siku moja ya mtafiti huyu ni shilingi 394,200.

Onyesha karatasi hiyo bodi. Mara ya kwanza nilipoionyesha ya kwetu, mjumbe mmoja mwenye umri mkubwa alivua miwani, akauliza taratibu, "Kwa hiyo ule mradi tulioushangilia mwaka jana, sisi ndio tuliufadhili?" Ndiyo, sisi ndio tuliufadhili.

Angalizo: usimwombe mfadhili mmoja alipe kodi ya ofisi kama mstari wa bajeti, halafu uiweke tena ndani ya asilimia ya uendeshaji. Huko ni kulipisha mara mbili na mkaguzi ataliona. Chagua njia moja ya kugawa gharama za pamoja, iandike, ipitishwe na bodi, na itumie kwa miradi yote.

2. Tenganisha fedha zenye masharti na zisizo na masharti

Fungua jedwali la safu 3: pesa ya mradi isiyoweza kuguswa kwa jambo jingine, ruzuku ya msingi inayoweza kulipa chochote kilicho ndani ya mpango mkakati, na pesa yenu wenyewe kutoka ushauri elekezi, mafunzo au ukodishaji wa ukumbi. Jaza kwa miezi 18 ijayo.

Salio la benki linadanganya. Akaunti inaweza kusoma milioni 400 na taasisi isiwe na mshahara wa mwezi ujao, kwa sababu milioni 390 ni za utafiti wa uwandani wa mradi mmoja. Kukopa pesa ya mradi A kulipia mshahara wa mradi B, hata kwa wiki moja tu, ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, na ndilo linalofunga milango ya wafadhili kwa miaka.

Lengo ni kujenga akiba inayoweza kulipa gharama za msingi kwa miezi 3, kisha 6. Inajengwa polepole, kutoka pesa yenu wenyewe, na bodi iweke kanuni ya nani anaweza kuigusa.

3. Panga kalenda mbili kwenye ukuta mmoja

Kalenda ya kwanza ni ya serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge la bajeti linaanza Aprili jijini Dodoma, na bajeti kuu husomwa katikati ya Juni. Muhtasari wa sera kuhusu kodi ya mazao ukitoka Julai ni karatasi nzuri iliyochelewa mwaka mzima. Rudi nyuma: ili maoni yawafikie wataalamu wa wizara wakati bado wanaandika, uchambuzi uwe umekamilika kabla ya Desemba, na uwandani uwe umeisha kabla ya Septemba.

Kalenda ya pili ni ya pesa: tarehe za awamu za malipo ya wafadhili, ripoti, ukaguzi, na mwisho wa mikataba. Ukizibandika pamoja utaona mara moja kwamba mradi wenye awamu ya pili mwezi Novemba hauwezi kumpeleka mtu uwandani Agosti. Hilo zungumza na mfadhili mapema, kabla ya kusaini.

4. Weka vibali na taarifa za kisheria kwenye ratiba ya mradi

Kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Weka kikumbusho siku ileile unaposaini. Kama mnakusanya takwimu kwa kaya, wasilianeni na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mapema, kwa sababu ya Sheria ya Takwimu ya 2015 na marekebisho yake. Mkiwa na watafiti wageni, kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Majina na namba za simu za mliowahoji ni taarifa binafsi chini ya sheria ya 2022, na taasisi inayozikusanya inatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kisha kuna ngazi za utawala: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Barua ipite kote. Tenga wiki 6, na gharama yake iwe ndani ya bajeti. Timu iliyoegesha gari nje ya ofisi ya kata kwa siku 3 ikisubiri barua bado inalipwa posho.

5. Weka utaratibu wa masurufu (pesa anayokabidhiwa mtu kwa kazi ya safari) ambao mtu aliyechoka anaweza kuufuata

Miongozo mingi ya fedha imeandikwa na watu walio ofisini, kwa ajili ya watu walio ofisini. Jaribu kuifuata Kondoa saa 1 jioni, mvua imeanza, wadadisi 8 wamejikusanya chini ya bati la duka wakisaini karatasi ya posho kwa mwanga wa simu, na wino unatapakaa. Nilikuwa pale. Karatasi mbili ziliharibika, na miezi 5 baadaye mkaguzi aliziandika kama malipo yasiyo na uthibitisho.

Tangu hapo tunafanya hivi. Posho zote zinapitia pesa za simu au benki, na ushahidi unatoka kwenye mfumo. Duka na hoteli, risiti ya mashine ya kodi (EFD) au hatununui. Bodaboda na mama lishe hawana mashine, kwa hiyo kuna fomu ya malipo yasiyo na risiti yenye jina, simu, njia au chakula, kiasi na saini, na ina kikomo cha kiasi kwa siku. Kiongozi wa timu anapiga picha nyaraka zote kila usiku na kuzituma kwa mhasibu. Masurufu yanarejeshwa ndani ya siku 7 tangu kurudi, na asiyerejesha hapati mengine, hata akiwa mkurugenzi. Hasa akiwa mkurugenzi.

6. Chora ramani ya wafadhili, kisha ukate nusu yake

Andika kila mfadhili anayegusa mada zenu: wakfu binafsi, balozi, Umoja wa Ulaya, mashirika ya Umoja wa Mataifa, benki za maendeleo, vyuo vikuu vya nje vinavyotafuta mshirika. Kwa kila mmoja jaza: analipa gharama gani za uendeshaji, analipa kabla au baada ya kazi, anataka ripoti ngapi, na nani ndani ya taasisi yenu anafahamiana na afisa wake.

Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida haupiti 7% kwa gharama zisizo za moja kwa moja. Rudi kwenye hesabu yako ya hatua ya 1 uone kama 7% inatosha. Haitoshi. Kwa hiyo kwa mfadhili wa namna hiyo, muda wa mhasibu na sehemu ya kodi ya ofisi lazima viingie kama mistari ya moja kwa moja ya mradi, pale masharti yanaporuhusu.

Weka kanuni kwamba mfadhili mmoja asizidi theluthi moja ya mapato. Najua ni vigumu kuifikia. Lakini kumbuka Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje. Kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa haiendeshi tena programu hizo. Miezi michache kabla, Oktoba 2024, Marekani ilikuwa imepandisha kiwango cha msingi cha gharama za uendeshaji kutoka 10% hadi 15%, na watu tulikuwa tunafurahia kuandika bajeti mpya. Na kabla ya hapo, ruzuku ya msingi ya Think Tank Initiative, mpango wa kufadhili taasisi za utafiti wa sera uliosimamiwa na IDRC, kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, tangu 2008, ilifika mwisho 2019 kama ilivyopangwa. Taasisi zilizotumia miaka ile kujenga akiba na mifumo zilivuka salama kuliko zilizoigeuza kuwa mishahara tu.

Kukata nusu ya ramani maana yake ni kusema hapana. Andiko moja zito linakula siku 15 hadi 25 za watu wenu wazuri. Kabla ya kuanza, jibu maswali 3: mada ni yetu kweli? Tunafahamika kwa mfadhili huyu? Pesa inalipa gharama kamili? Ukipata "hapana" mbili, acha.

7. Andika karatasi ya kurasa 2 kabla ya andiko

Swali la sera, nani ataamua na lini, nini hakijulikani, mtafanya nini, kiasi gani. Ipeleke kwa afisa wa mfadhili uombe dakika 30. Andiko refu lije baada ya yeye kusema endelea.

Kwenye matokeo, usiahidi kwamba sheria itabadilika. Sheria hubadilishwa na Bunge, si na nyie. Ahidi mnachoweza kushika: takwimu mpya, vikao na kamati, muhtasari wa Kiswahili unaosomeka na diwani, ushahidi ulio mezani siku uamuzi unapofanyika. Na muhtasari wa Kiswahili utengewe pesa zake. Nimeona miradi mingi ikiukumbuka wiki ya mwisho na kumpa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo autafsiri usiku.

8. Soma mkataba kama mtu atakayeshitakiwa nao

Vifungu 4 visikupite. Haki ya kuchapisha: matokeo yatoke hata kama mfadhili hayapendi, akubali kutoa maoni ndani ya siku 30, lakini neno la mwisho liwe lenu. Umiliki wa takwimu. Namna ya kulipwa, kabla au kwa kurudishiwa. Na fedha ya mkataba.

Hicho cha mwisho kinaumiza kimyakimya. Mwishoni mwa Septemba 2024 dola iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,700. Mwisho wa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Awamu ya dola 100,000 ilipungua kwa takriban shilingi milioni 30, na hakuna aliyekuwa amekosea. Omba kifungu kinachoruhusu kurekebisha bajeti kiwango kikiyumba kwa zaidi ya 5%, na andaa bajeti kwa kiwango cha tahadhari. Mikataba yenu ya ndani, ya pango na ya washauri, iwe ya shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutoza kwa fedha za kigeni nchini.

9. Ripoti itoke kabla ya kuombwa

Ripoti ya fedha na ya maelezo zisimulie jambo moja. Kama maelezo yanasema warsha 4 na fedha zinaonyesha 3, afisa atasimama hapo na hatasoma zaidi. Mtu mmoja azisome zote mbili pamoja kabla hazijatumwa. Na habari mbaya itume mapema kwa simu, kisha kwa barua.

Yakiharibika

*Awamu imechelewa na mishahara ni wiki ijayo.* Usiguse pesa ya mradi mwingine. Tumia akiba kwa idhini ya bodi iliyoandikwa, ahirisha manunuzi, na waambie wafanyakazi siku hiyohiyo. Watu huvumilia kuchelewa. Hawavumilii kugundua kwamba ulijua.

*Taimshiti (karatasi za muda wa kazi) zinaonyesha mtu mmoja kafanya kazi 130% ya mwezi.* Hutokea pale kila meneja wa mradi anapopanga muda wa mtu bila kumuuliza mwenzake. Simamisha kudai muda wake, panga upya kwa ushahidi wa kazi aliyofanya, na kama mfadhili ameshalipa kilichozidi, mwandikie umrudishie. Kuanzia hapo, jedwali moja la muda wa watafiti wote likae kwako.

*Mradi unaisha na pesa imebaki.* Miezi 4 kabla ya mwisho angalia kila mstari. Omba kuhamisha au kuongezewa muda bila gharama. Semina za haraka za Juni hazimsaidii mtu.

*Mkaguzi ameandika hoja.* Jibu kila hoja kwa tarehe na jina la mhusika. "Imezingatiwa" si jibu. Ikijirudia mwaka wa pili, wafadhili wataiuliza kabla ya kitu kingine chochote.

*Mtafiti kiongozi ameondoka katikati ya mradi.* Mikataba mingi inamtaja kwa jina. Mjulishe mfadhili ndani ya wiki, ukiwa na jina la mbadala mkononi. Takwimu ziwe kwenye hifadhi ya taasisi tangu siku ya kwanza. Zikiwa kwenye kompyuta yake ya mkononi, zipate kabla hajakabidhiwa barua ya mwisho.

*Mfadhili, au ofisi ya serikali, anataka sentensi iondolewe.* Muulize kwa maandishi: kuna kosa la takwimu, au hapendi hitimisho? Kama ni kosa, sahihisha na umshukuru. Kama ni hitimisho, fungua mkataba kwenye kifungu cha haki ya kuchapisha, mpe nafasi ya maoni yake yachapwe pamoja na ripoti, na mpeleke mkurugenzi na mwenyekiti wa bodi wakazungumze naye ana kwa ana. Usimwachie mtafiti kijana abebe mazungumzo hayo peke yake. Hapo ndipo utajua kama ile akiba ya miezi 6 mliijenga: mwenye nayo huweza kurudisha awamu iliyobaki na bado akalipa mishahara mwezi unaofuata.